Mzee Soud Ame na Waya Uliogeuka Manjano

Tarehe 30 Juni 1962, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuvuta nyaya za simu na umeme kisiwani Pemba, Mzee Soud Ame wa Shumba anastaafu. Ofisi imeniomba niandike kwamba alikuwa mtiifu. Hakuwa, na tumshukuru Mungu.

Alianza kwa kuchimbia nguzo za simu, akapanda hadi fundi mkuu hapa Wete, na cheti cha umeme hakitoki bila sahihi yake. Ana pua kali. Akipanda darini hunusa nyaya kwanza, kisha ndipo anaposalimia, na wapo wenye nyumba ambao hawajamsamehe.

Mwaka 1957 zikaja nyaya za plastiki, nyeupe na za kupendeza. Baada ya miaka miwili chini ya mabati zikawa manjano, kisha hudhurungi. Wakubwa wakasema ni rangi tu, hata kanzu hugeuka manjano. Mzee Soud akatundika vipande arubaini uani kwake, kila kimoja na tarehe yake. Mkewe, Bi Mwanamize, akaanikia kanga juu ya vipande hivyo, na ugomvi wao mtaa mzima unaujua.

Kipimo chake cha kuzungusha kwa mkono, kinachoonyesha kama waya unavujisha umeme, kilimpa jibu. Plastiki ni mnyororo mrefu mno wa chembe ndogondogo. Joto hunyofoa baadhi yake, na pale palipopunguka sehemu ya mwanga hunaswa, ndiyo maana tunaona manjano. Hapohapo umeme nao hupata pa kupenyea. Kadiri waya ulivyokolea rangi, ndivyo mshale wa kipimo ulivyoanguka.

Kwa hiyo mwaka 1960 alikataa ghala moja la karafuu. "Mie waya mgonjwa siutilii sahihi," akasema mbele ya wakubwa wote. Wakamsimamisha kazi miezi mitatu, akatafutwa mwingine wa kutia sahihi. Mwezi wa pili hamali mmoja, Nyange, akaegemea ukuta wa mabati wa ghala hilo, umeme ukamtupa chini, na mkono wake wa kulia hadi leo haukunjiki vizuri. Mzee Soud akarudishwa kazini bila kuombwa radhi. Nayaandika hapa kwa sababu barua ya kumrudisha haikuyataja.

Wiki hii wamemletea cheti cha wadi mpya ya wazazi. Waya wake umetoka katika mzigo uleule wa 1957, uliobaki stoo chini ya mabati, na umeshaanza kuwa hudhurungi. Ameambiwa atie sahihi aondoke kwa heshima. Akairudisha karatasi kama ilivyokuja, akaenda zake kunywa kahawa. Sasa wanangoja aondoke, maana kuanzia Jumatatu karatasi hiyo itakuja kwenye meza yangu, mimi Othman Masika, niliyefundishwa naye kazi kwa miaka tisa.

Ahsante, Mzee Soud, kwa kila nyumba ambayo haikuungua. Mungu akupe afya na umri mrefu, wewe na Bi Mwanamize. Nenda Shumba ukalale usingizi wako. Sahihi yangu nayo hawaipati.