Albamu Iitwayo "Nakuja"

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji, Mama Makena, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi vijana mliojipanga ukutani kana kwamba mnangoja basi: hamjambo?

Mimi ni Avtar, mzaliwa wa Nakuru, mkazi wa Hayes, hapa London. Nimeombwa kuizindua albamu ya Makena kwa sababu baba yake, marehemu Linus, alikuwa mwenzangu wa zamu katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Mnamkumbuka? Kofia ya kantri kichwani, koti la reflekta kifuani! Nilimuuliza, Mmeru na muziki wa kantri ni wapi na wapi? Akanijibu, "Kalasinga wangu, hizi ni nyimbo za mtu aliye mbali na kwao. Nani yuko mbali kunishinda?"

Makena amelichukua gitaa la baba yake, akalitia katika roki ya indie ya vijana wenzake wa hapa London, na kilichotoka kinaumiza. Nimesikiliza nikalia, nami si mtu wa kulia.

Kwetu Kenya, mtu akiinuka kuondoka husema "nakuja", maana yake atarudi. Makena, mtoto wa London, alilichukua neno lilivyo. Baba akitoka kwenda zamu, yeye alisimama mlangoni kumpokea. Akiitwa akalale, alilia: "But he said he's coming!" Yaani, si baba alisema anakuja? Tulimcheka sana, Mungu atusamehe.

Januari, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, Linus alimwachia binti yake ujumbe wa sauti. Neno lilikuwa lile lile. Hakurudi.

Sauti hiyo imo katika wimbo wa mwisho. Shemeji Peris, Makena ameshindwa kukuambia, kanituma mimi. Tangu mazishi hutaki kuisikia sauti ya mumeo, hata kwenye video za harusi, na nani atathubutu kukulaumu? Lakini mwanao ameapa kwamba wimbo huo hauimbi usipokuwepo. Akuimbie, au aache?

Nawashukuru waandaaji, wapishi, na nyote mlioacha mapumziko yenu mkaja. Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa namkaribisha...

Ngojeni kidogo. Shemeji, mbona umeinuka? Mpisheni, jamani, mpisheni apite. Shemeji, unaenda wapi?

Amesema, "Nakuja."

Makena, mwanangu, weka gitaa chini. Tutamngoja.