Mkate wa Siagi wa Mama Phelista

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Nekoye, mtoto wa kwanza, ndugu zangu wamenituma niwasomee maisha ya mama yetu.

Mama Phelista Nangila alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 hapa Kanduyi, Bungoma, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1971, na mwaka 1975 akaajiriwa katika kiwanda kidogo cha mkate mjini Kitale, ambako alijifunza kupaka siagi mpaka ukingoni, kwani aliyeacha pembe kavu, alituambia, amemnyima mgeni huku anamchekea.

Alifunga ndoa na baba yetu, Makokha, tarehe 16 Desemba 1978, wakahamia shamba lao Saboti, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Mukhisa na Lenah.

Jumatano tarehe 14 Machi 2007, saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani, waliingia wanaume watatu wenye bunduki, na Mama, ambaye kwao mgeni haulizwi jina kabla hajala, akawapakia mkate siagi, mmoja akaupokea kwa mkono wa kulia usio na kidole gumba, wakala, wakashukuru, wakaenda. Wiki moja baadaye, tarehe 21, walirudi walewale, wakadai kwamba tumewalisha maadui wao pia, na yule asiye na kidole gumba akamshika Baba mkono, wakaondoka naye, na mpaka leo hatujui kama tuna baba au tuna kaburi.

Tulikimbilia Kipsongo, Kitale, ambako Mama aliuza chai na mkate wa siagi kando ya barabara, akimtazama kila mteja mikono kabla ya uso, nami nikiogopa nilimsihi aache, akanijibu kwamba mtu huyo aliupenda mkate wake, atarudi tu.

Presha ilimpata mwaka 2008, akalazwa hospitalini Bungoma tarehe 2 Agosti 2009, akatutoka tarehe 11 Agosti, saa tatu asubuhi, akiwa ameniagiza nisiwape watu chai kavu kwenye mazishi yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kanduyi na Kipsongo, na akina mama waliouza naye chai, ambao wamekata mikate tangu alfajiri.

Tangu asubuhi nami nawatazama mikono, Mungu anisamehe, na huko nyuma kuna mmoja ambaye, jua lote hili, hajautoa mkono wake wa kulia mfukoni mwa koti.

Baada ya maziko kila mtu atapata chai na mkate, umepakwa siagi mpaka ukingoni, hatutamuuliza yeyote jina, ila ukishakula, ndugu yangu, tafadhali tuambie Baba yuko wapi.

Mama, pumzika kwa amani, kungoja sasa ni kazi yetu.