Jiwe la Marehemu Zakayo Wakhungu

Wasifu huu umesomwa na dada yake, Rispa, nyumbani Sirisia, Jumamosi tarehe 20 Agosti 1994. Mjane ameomba pasirukwe hata neno moja.

Ndugu yetu Zakayo Wakhungu alizaliwa hapa Sirisia mwaka wa 1942, kifungua mimba wa Mzee Yona na Mama Leya, aliyerithiwa jina na binti wa kwanza wa marehemu. Alisoma hadi darasa la nane. Agosti 1956 alitahiriwa pamoja na rika lake Khaemba, ambaye yuko nasi leo, na hakupepesa jicho. Watu walikuwa wamejaa siku hiyo, na mbele ya watu Zakayo alikuwa simba.

Alifunga ndoa na Nasimiyu tarehe 18 Desemba 1965, kanisani Chwele. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kijito cha kwanza alimbeba bibi harusi mgongoni, kwaya ikapiga vigelegele mpaka wakavuka. Kwenye kijito cha pili kwaya ilikuwa imebaki nyuma, akamwambia avue viatu. Nasimiyu alicheka siku hiyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, angejuaje?

Marehemu aliendesha trekta kwenye shamba la ngano karibu na Kitale kwa miaka ishirini. Mwaka wa 1981 mwenye shamba alimwuzia Landrova kuukuu ya petroli, naye akaanza kubeba watu na vitunguu kati ya Cheptais na Bungoma. Kazi ilikwenda vizuri mpaka 1988, Khaemba aliponunua pikapu ya dizeli. Akawa anampita mlimani, anamngoja juu na abiria wake, kisha anamwuliza kama ni gari linapanda au ni mlima unashuka. Rika hakasirikiwi, mila hairuhusu. Zakayo alicheka na wenzake, akaja kununa nyumbani.

Kwa miaka miwili habari ikawa moja tu mezani: afunge supachaja, ile mashine ya kusukumia injini hewa ipate nguvu, au aitoe injini nzima na kuweka ya dizeli kutoka kwa lori lililoanguka? Aliwauliza mafundi, akamwuliza mchungaji, akaniuliza hata mimi ninayefuga kuku. Mwishowe alilipeleka gari Kitale kwa fundi Mohinder, pamoja na Nasimiyu. Mohinder alilala chini ya gari muda mrefu, akatoka anajifuta mikono.

“Wakhungu, hii injini ni mzee. Ukimlazimisha kupumua kwa nguvu, atapasuka. Weka ya lori, sawa, atapanda. Lakini kushuka je? Hii breki imeisha. Anza na breki.”

Nasimiyu naye akasema breki. Marehemu akawajibu wote wawili, “Nani alishawahi kusifiwa kwa kusimama?”

Injini ya lori ilifungwa Aprili 1991, na fundi mwingine, kwa sababu Mohinder alikataa. Kwa wiki nane Zakayo alimpita Khaemba mlimani akipiga honi. Tusimnyime haki yake, alifurahi sana.

Jumamosi tarehe 8 Juni 1991 alikuwa anashuka kutoka Cheptais na magunia ya viazi, na Nasimiyu kando yake. Hapakuwa na abiria. Breki zikakataa. Zakayo akafungua mlango, akaruka. Nasimiyu, ambaye hajawahi kushika usukani maishani, aliushika, akaliingiza gari kwenye ukingo wa udongo likasimama. Alivunjika mtulinga. Aliyeruka alivunjika uti wa mgongo.

Kuanzia siku hiyo marehemu hakutembea tena. Wageni walipomwuliza, aliwaambia aliruka kutafuta jiwe la kuzuilia gurudumu. Nasimiyu alikuwa pale pale, anamlisha kijiko kwa mkono wa bega lililopona vibaya. Kwa miaka mitatu alimgeuza, alimwosha, hakumpigia kelele. Alitaka kitu kimoja tu, naye alikiomba mara ya mwisho Alhamisi tarehe 11 Agosti, hospitalini Bungoma, figo zilipokuwa zimeshindwa.

“Baba Leya, tuko wawili tu. Sema uliniacha. Nitakusamehe hapa hapa.”

Zakayo akatazama ukutani.

“Nilikuwa natafuta jiwe.”

Alifariki saa tisa alasiri.

Ameacha mjane Nasimiyu, watoto watano, wajukuu wanane, dada mmoja, rika lake Khaemba, na Landrova moja, ambayo sasa ina breki.

Mnaona jiwe lile kubwa kando ya kaburi. Msiulize ni la nini. Jana Nasimiyu alikwenda mwenyewe Cheptais, akalichagua pale pale breki zilipokataa, akasaidiwa kulipakia, akalileta. Tukishafukia, vijana wataliweka upande wa miguuni.

Apumzike kwa amani. Alilokuwa akilitafuta, mkewe amemletea.