Sufuria Mpya ya Mgeni

Ndani ya basi dogo la kwenda Passo, hapa Ambon, Indonesia, jirani yangu Mince, ambaye wote tunamwita Usi, yaani dada, alipakata sufuria mpya. Mwanamume mwenye kofia ya sala, aliyekaa kando yake, akamuuliza kama ana harusi.

"Harusi wapi, Abang, kaka yangu! Nina mgeni wa siku tatu, mtoto wa madrasa. Walimu wao na wa shule zetu za Kikristo walipata mafunzo pamoja na wenzao wa nchi za nje, sasa wanafunzi wanabadilishana nyumba. Sufuria zangu zimeshapika nguruwe. Huyu nampikia kwa hii."

Mwanamume akakohoa. "Binti yangu naye kachaguliwa. Fomu ninayo mfukoni, sijatia sahihi. Nyumba yetu ilichomwa wakati wa vita vya dini, Usi."

"Na yetu pia. Ulidhani moto unauliza dini?"

"Mdomo unao!"

"Na sufuria ninayo. Kitanda kimoja bado kitupu. Binti yako anakula pilipili?"

"Kwani nimesema anakuja?"

Sisi wengine tukatazama nje, kama watu wasio na masikio.

Basi likasimama. Mwanamume akashuka bila kuaga, akapiga hatua tatu, kisha akarudi dirishani. "Pilipili, kidogo tu," akasema.