Mto Umegeuzwa

Treni ya asubuhi ilikuwa haijaondoka, na fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alikuwa ameshaanza kusherehekea. Jana mwanamama ambaye fundi huyo alimpigia debe alishinda mchujo wa chama, na sasa ndiye atakayegombea urais.

"Hongera, dada," akasema kinyozi aliyekaa naye, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini. Yeye alikuwa upande wa mzee aliyeshindwa. "Lakini mlituita wasaliti msimu mzima. Leo ghafla sisi ni ndugu?"

"Ndugu hasa, kaka! Mzee wako mwenyewe kapanda jukwaani, kamshika mama yetu mkono, kauinua juu. Nililia mpaka wifi yangu akadhani tumeshindwa."

"Anautaka umakamu huyo."

"Aupate! Suti ya kuapishwa nitamshonea mimi."

Behewa likacheka. Kinyozi naye alicheka, ila alijitahidi ionekane ni kikohozi.

"Huwajui watu wetu," akasema. "Wana vinyongo."

"Niwajue mara ngapi? Mume wangu ni wenu. Tangu kampeni zianze tunalala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni kwangu. Jana matokeo yalipotangazwa, alizima redio, kisha akageuza mto wake ukaja upande wangu."

"Kwa hiyo amesalimu amri?"

"Amegeuza mto tu. Bado anasema mliibiwa kura."

"Si tuliibiwa kweli!"

Wakaendelea hivyo njia nzima, hadi treni ikasimama kituo cha mwisho. Walishuka bado wakibishana, fundi akiwa mbele, akitembea kama aliyekwisha kuapishwa yeye.