Nilivyofiwa Ugenini, Mlango Ukiwa Umefungwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena. Nalisema mara mbili kwa sababu kuna majira nilishindwa kulisema hata mara moja, na leo sitaki kujifanya nimesahau.

Kwa wasionifahamu, naitwa Edina. Mama yangu ni yule marehemu aliyekuwa akianika usipa pale chini Kihagara, karibu na mawe makubwa. Harufu ya vile visamaki ilikuwa kwenye nguo zetu zote, mpaka sare zangu za shule. Baba alitangulia nikiwa mdogo sana. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, na mdogo wake, mama mdogo Stela.

Nilipomaliza kidato cha nne, kanisa lilinichagua niende Ujerumani miezi sita. Kanisa moja la kule lina urafiki na letu. Vijana wao huja wakalala kwenye nyumba zetu na kula ugali wetu wa muhogo, na wa kwetu huenda kwao, wakaishi na familia na kusoma na watoto wao. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilijiona nimeshaukata. Mama alinisindikiza mpaka Mbamba Bay nikapande gari la Mbinga. Njiani alisimama mara tatu akishika ubavu. Nilipomuuliza, alisema ni njaa tu, hakunywa chai. Mama alikuwa mtu wa kuficha maumivu, nami siku hiyo nilikuwa mtu wa haraka.

Familia iliyonipokea ilikuwa ya watu wema. Nisikieni vizuri hapo, ndugu zangu, maana watu wakisikia ushuhuda kama huu huanza kumtafuta mbaya. Mbaya hayumo. Mama wa nyumba ile aliitwa Birgit na mumewe Holger. Walikuwa na binti wa rika langu, Lena, niliyekuwa nakwenda naye shule. Walinipa chumba changu peke yangu, koti zito na viatu vya theluji. Wakaniambia niwaite kwa majina yao. Sasa mimi nimwite mtu wa umri wa mama yangu Birgit, kavukavu hivyo? Mdomo ulikataa. Basi nikawa simwiti chochote. Nikimhitaji, nakwenda kusimama karibu naye mpaka anione.

Kila mtu mle ndani alikuwa na mlango wake, na milango yote ilifungwa. Lena alibisha hodi kwa mama yake mzazi. Nilidhani wamegombana, kumbe ndiyo heshima yao.

Walikuwa na desturi moja niliyoipenda. Wakati wa kula, simu zote ziliwekwa kwenye kikapu juu ya kabati, na hakuna aliyezigusa mpaka sahani zitolewe. Jumapili moja tukiwa mezani, simu yangu ikaita kikapuni. Nilijua ni nani, maana mama mdogo nilimwekea mlio wake. Mama alikuwa na simu ndogo ya tochi, kwa hiyo akitaka kuzungumza nami alitumia ya mdogo wake. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Holger alinitazama, nadhani alitaka kuniambia nenda kapokee. Mimi nikatabasamu, nikaendelea kukata viazi. Nililelewa kwamba mgeni havunji desturi ya nyumba. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nililivunja jicho langu siku ile, na hakuna aliyenilazimisha.

Baada ya chakula nikapiga, haikupokelewa. Jioni ukaja ujumbe kwamba mama anakusalimia, tuko salama, usiwe na wasiwasi. Kesho yake nikaambiwa mama yuko shamba. Kesho kutwa, mama amelala. Halafu mama kaenda Mbinga, kuna shughuli. Nilikubali kila jibu. Ndugu zangu, moyo wangu ulijua, lakini nilikuwa na theluji ya kupiga nayo picha.

Asubuhi moja, kabla ya kwenda shule, nikafungua simu kuangalia status za watu. Msichana mmoja tuliyesoma naye alikuwa ameweka picha. Nikaona nyumba yetu. Nikaona wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, kanga viunoni, na lile sufuria kubwa la kanisa liko jikoni kwetu. Nikawa najiuliza ni nani amefariki hapo jirani. Picha iliyofuata ilikuwa ya mama yangu. Ni ile tuliyopiga siku ya kipaimara changu, mimi wamenikata pembeni, umebaki mkono wangu tu begani kwake. Chini pameandikwa pumzika kwa amani. Alikuwa amezikwa jana yake.

Nilimpigia mama mdogo. Alianza kulia kabla sijasema neno. Akaniambia, "Mwanangu, tungekwambia uko peke yako huko, nani angekushika?"

Mnaijua desturi yetu. Aliye safarini hapewi habari ya kifo kwa simu. Husubiriwa arudi, akalishwe chini, watu wawe wamejaa nyumba, ndipo aambiwe, ili akianguka aanguke kwenye mikono ya watu. Ni upendo, najua. Siku ile sikuona upendo. Niliona watu wazima wamenidanganya siku kumi na mbili, wakamfukia mama yangu nikiwa nachezea theluji. Nikakata simu.

Nilishuka jikoni, nikasimama karibu na Birgit mpaka akaniona. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu, mama amekufa. Alinikumbatia, akalia. Holger naye alilia, mwanamume mzima mwenye ndevu. Kisha wakanipandisha chumbani, wakaniambia nipumzike, nisiende shule, nichukue muda wote ninaohitaji. Wakatoka taratibu, wakafunga mlango.

Nilibaki nimeutazama ule mlango. Kwetu nyumba ya msiba haifungwi. Mtu haulizi kama aje, anakuja. Anavua viatu, anakaa mkekani, anaweza asiseme kitu mpaka jua linatua. Wengine wanakuja na unga, wengine kuni, wengine wana midomo yao tu na umbea wao, lakini wapo. Mfiwa haachwi hata akienda chooni. Mimi nilikuwa na pazia jeupe na kitanda.

Nikashusha godoro sakafuni. Nikafunga kitenge kiunoni. Nikaufungua mlango, nikakaa nikisubiri watu. Holger akapita, akanitazama kwa huruma, akaufunga. Nikaufungua. Akapita Lena, akaufunga pole pole kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Ndugu zangu, kila mlango ule ulipogusa fremu, nilisikia nafsini mwangu kwamba msiba wako hautuhusu. Kumbe wao walikuwa wananistahi. Tena nyumba ile ilipashwa moto kwa mashine, na mlango wazi ulikuwa unapoteza joto. Ningejuaje?

Chakula waliniletea kwenye sinia, wakaliweka nje ya mlango. Sikula. Kwetu mfiwa hulazimishwa. Mtu anakaa mbele yako na bakuli la uji, anakwambia kunywa mama, kunywa kidogo tu, na wewe unakataa, anaendelea, mpaka unakunywa kwa kuchoshwa naye. Kule hakuna aliyelazimisha. Nilisikia sinia likiwekwa na sinia likiondolewa.

Nilijaribu kuomba. Nikasema Baba yetu, nikaishia hapo. Nilimuuliza Mungu kwa nini hakunisukuma kutoka kwenye kile kiti siku ile ya Jumapili. Hakujibu. Nikamwambia basi, na wewe funga mlango wako, kama hawa. Niliacha kuomba siku ya tatu. Siku ya nne nilianza kutamani kufa. Nalisema wazi kwa sababu najua humu ndani kuna mtu ameshawahi kutamani hivyo na anaona haya. Sikuwa na hasira tena, wala machozi. Nilitaka tu nilale nisiamke, ili nimkute mama nimwombe msamaha kwa zile simu mbili. Lena aliniambia mlangoni kwamba mama yake anazungumza na watu wa kanisa lao nirudishwe nyumbani mapema. Hilo nalo halikunigusa. Nirudi kufanya nini, kuangalia udongo?

Siku ya tano, mchana, niliburuta begi langu, lile nililokuja nalo, nikaliweka kwenye kizingiti ili mlango usifungike. Holger akaja. Akaliona begi, akadhani limeanguka hapo. Akaliinua kwa adabu, akaliegemeza ukutani, akaufunga mlango.

Nikapiga kelele. Mimi ambaye sikuwahi kupandisha sauti katika nyumba ile, nilipiga kelele kwa Kinyasa, lugha ya mama yangu, nikisema acha mlango, acha mlango, mama yangu amekufa. Hakuna aliyeelewa neno hata moja. Birgit alipanda ngazi mbio. Alinikuta nimekaa kwenye godoro nimeshika begi. Akachuchumaa, magoti yake yakalia, akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo naamini Roho wa Mungu ndiye aliyemwekea mdomoni. Aliniuliza, "Kwenu, mtu akifiwa, mnafanyaje?"

Nikamweleza. Mikeka, unga, kuni, mlango. Maneno ya Kiingereza yaliponiishia nilionyesha kwa mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaondoka. Nikajisemea, naye huyo amekwenda. Akarudi na mto wake wa kulalia. Akaliweka begi mlangoni tena, yeye mwenyewe, akakaa chini, mgongo ukutani. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia. Hapo katikati aliniletea supu, nikakataa, akashika kijiko mbele yangu. Nikakataa tena. Hakukiondoa. Nikanywa.

Kesho yake alasiri nikasikia viatu vingi chini. Birgit alikuwa amezunguka kijiji kizima. Walikuja watu tisa. Wengine, Lena aliniambia baadaye, hawakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ile ingawa wamepakana miaka yote. Alikuja mzee mmoja aliyekuwa hasemezani na Holger kwa sababu ya mti uliopita ua. Alikuja na mfuko wa viazi mbichi, hakujua auweke wapi, akakaa nao mapajani kama mtoto. Wakakaa chini, ndugu zangu. Wazee wa Kijerumani, miguu imekakamaa, wamekaa kwenye zulia wakitazama soksi zao. Hawakujua la kufanya, na hakuna aliyeondoka.

Bibi mmoja akaanza Baba Yetu kwa lugha yao. Sikuyajua maneno, ila mwendo wake niliujua. Nami nikaanza ya kwangu kwa Kiswahili. Safari hii sikuishia neno la pili. Nilifika amina huku nalia kwa sauti, na yule mzee akaweka viazi chini akanishika mkono.

Hapo ndipo Bwana aliponitoa. Sisemi nilipona. Nadanganya nikisema nilipona. Nilisema tu kwamba kesho nitaamka, na nikaamka.

Miezi sita ilipotimia, Juni, nikarudi. Mama mdogo alinipokea Mbamba Bay, na nilimpa shikamoo ya mdomoni tu. Hasira nilikuwa nimekuja nayo mpaka nyumbani. Tulikwenda kaburini, majani yalikuwa yameshaota. Pale nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu ile asubuhi ya status. Nilimuuliza, "Ile Jumapili mlipopiga, mama alikuwa anataka kuniambia nini?"

Mama mdogo alikaa chini kabisa, kwenye udongo. Akasema, mama yako alikuwa kitandani hospitali, hawezi kuinua kichwa, akaomba simu. Walipomuuliza ana neno gani la kukwambia, alisema hana neno. Alitaka tu kukuuliza kama umekula.

Nilikuwa mezani, ndugu zangu. Simu ilipoita, nilikuwa mezani nakula.

Nikakaa chini kwenye udongo karibu na mama mdogo. Nilimlalia begani mpaka jioni, na hasira niliiacha palepale. Kuna siku bado naamka nikiisikia ile simu. Siku hizo namwambia Mungu, na yeye hanifungii.

Basi namshukuru Bwana aliyenifuata mpaka kwenye sakafu ya watu nisiowajua. Na wewe uliyefiwa mwaka huu, ambaye watu wameshakunja mikeka wakaenda zao, wewe unayekuja kanisani unacheka na ukirudi unajifungia, nakusihi, weka hata begi mlangoni. Mtegemee Mungu anayetuma watu wasiojua hata la kusema. Kwangu unapafahamu, pale chini kwenye mawe ya usipa. Usibishe hodi. Ingia ukae. Sitakuuliza umekuja kufanya nini. Nitakuuliza tu kama umekula.