Mama Mto na Vitanda vya Nyumba Kumi na Moja

Ndugu, jamaa na majirani wa uwanjani. Mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nimepewa kazi hii kwa sababu wapwa zangu wamesema wakiisoma wao watalia. Najua wapo waliokuja kumzika dada yangu, na wapo waliokuja kumzika dada yangu na pia kujua kama kiangazi hiki kutakuwa na muziki, maana sahihi inayokosekana ni ya nyumba yetu. Siwalaumu. Jibu lipo mwishoni mwa wasifu huu, na wasifu wote umechapwa kwenye ratiba mliyoshika, kwa hiyo anayetaka kuruka kurasa aruke, aibu ni yake.

Dada yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba. Mama alikuwa dobi. Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza, mimi nilikuja miaka sita baadaye, na mama hakuficha kwamba pengo hilo lilikuwa la kupumzika. Alipokuwa na miaka mitano alikuwa akikaa juu ya kopo la rangi karakanani, baba akizungusha gurudumu, naye akisema, "Hilo limepinda." Baba akimwambia anyamaze, analipima gurudumu, anakuta limepinda. Baada ya muda wateja walianza kuuliza kama fundi mdogo yupo.

Aliingia shule ya msingi Januari 1958. Walimu walimpenda kwa hesabu na kumwogopa kwa ulimi. Darasa la tano alichaguliwa kwaya, akatolewa wiki ileile, na si kwa kuimba vibaya. Kwaya ilikuwa ikiimba mbele ya wageni, yeye akamnyooshea kidole mtoto wa mwalimu mkuu akasema kwa sauti, "Ni huyu anayetuharibia." Na kweli alikuwa huyo. Kuanzia 1966 alisoma sekondari ya wasichana, na mwaka 1970 akajiunga na chuo cha uuguzi, alikohitimu Desemba 1972 akiwa wa pili katika darasa la watu arobaini. Aliyekuwa wa kwanza yupo hapa, amekaa safu ya tatu, na nina hakika bado wangebishana kuhusu mtihani ule.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa hospitali, wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na hapo alikaa hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Miaka thelathini na tatu, wodi moja. Wenzake wanasimulia kwamba alikuwa akijaza mafaili mezani, mara ghafla ananyanyuka na kwenda moja kwa moja kwenye kitanda fulani kwa sababu pumzi ya mtoto imebadilika. Hakuna mashine iliyokuwa imelia. Wapo hapa leo watu wazima wenye vitambi ambao yeye aliwashika kwenye kiganja kimoja, na alipokutana nao njiani hakuwaacha wapite bila kuwakumbusha gramu zao mbele za watu.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali ileile. Shemeji yangu alikuwa mtu wa maneno machache, jambo lililoiokoa ndoa, kwa sababu nyumba ile isingebeba wasemaji wawili. Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana. Novemba 1984 walihamia nyumba namba saba, mojawapo ya nyumba kumi na moja zinazouzunguka uwanja wa shule. Dirisha la chumba cha kulala lilitazama uwanjani, na dada alilifurahia sana dirisha hilo kwa miaka mitatu na nusu.

Mwaka 1988 mwalimu wa muziki wa shule alianzisha siku tatu za muziki za kiangazi. Jukwaa likawekwa mkabala na dirisha lile. Kumbukeni kwamba dada alifanya kazi za usiku na kulala mchana. Siku ya kwanza alitoka na gauni la kulalia, mto wa kulalia kwapani, akavuka uwanja mzima mbele ya watu mia tatu, akasimama chini ya jukwaa akasema, "Punguzeni!" Walipunguza kwa wimbo mmoja. Akatoka tena. Siku ya tatu watoto walikuwa wakimsubiri kama sehemu ya burudani, na jina la Mama Mto likamganda hadi leo.

Mwaka 1991, kwenye mkutano wa mtaa, alisimama akapendekeza kanuni: kila mwaka nyumba zote kumi na moja zitie sahihi, na nyumba moja ikikataa, muziki haupigwi. Mkutano mzima ukaafiki, kila mtu akijua jirani yake ni mpenda muziki. Hawakumjua dada yangu. Mwaka 1992 karatasi ilipofika namba saba, aliirudisha bila sahihi, na kiangazi kile uwanja ulikaa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Dada alilala vizuri. Majirani walimnunia. Shemeji akawa anazunguka njia ya nyuma kwenda kazini ili asiulizwe.

Mwalimu wa muziki ndiye aliyekuja kupiga hodi. Alikuja kusihi, na hotuba alikuwa ameiandika. Dada hakumpa nafasi.

"Mwalimu, vua viatu, ulale hapo."

"Kitandani?"

"Kwani nimekuonyesha dari? Lala. Mwambie mpiga ngoma wako apige kama siku ile."

Mwalimu akalala juu ya kitanda cha watu na tai yake shingoni, shemeji amesimama mlangoni hajui aangalie wapi. Ngoma ikapigwa uwanjani. Vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka, glasi ya maji ikatembea mezani yenyewe. Mwalimu alivumilia dakika tatu akakaa kitako, akasema, "Mama, kumbe mkuki kwa nguruwe." Dada akamjibu, "Kelele haijulikani ukiwa umesimama. Aliyesimama yuko sherehe. Ukitaka ukweli, lala chini."

Basi hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanzia, na aliifanya miaka thelathini bila mshahara. Jukwaa lilihamishiwa upande wa chini, mgongo wake ukaegemea ukuta wa ghala, spika zikashushwa kutoka kwenye vyuma na kugeuzwa. Kila mwaka, Alhamisi kabla ya muziki, bendi ilipiga mchana kwa majaribio, na Mama Mto akaenda nyumba hadi nyumba na mto wake, akalala kwenye kila kitanda kinachotazama uwanja. Akisikia kinachokera, alitoa foronya nyeupe dirishani, na fundi wa sauti, tunayemwita Waya, alipunguza. Asipotoa kitu, mambo safi. Na kama akisinzia kweli, nyumba hiyo imefaulu kwa alama zote. Fundi viatu wa nyumba namba tisa aliwahi kurudi kwake akamkuta muuguzi amelala fofofo kitandani mwake anakoroma, akatoka kwa kunyata akaenda kuwaambia wenzake, "Kwangu tayari." Tangu mpango huo uanze hakuna nyumba iliyokataa tena, na bendi za mitaa mingine zilipoomba kuja kupiga hapa, dada aliwauliza kwanza besi yao ina tabia gani.

Shemeji alifariki tarehe 19 Oktoba 2011. Dada aliendelea na maisha yake wima.

Februari 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Alipewa vidonge vya aina nne na makatazo matano, vidonge alimeza. Katazo mojawapo lilikuwa ngazi. Alhamisi, tarehe 10 Agosti 2023, alizunguka nyumba tisa, na ya kumi ni ile ya ghorofa, chumba chake kiko juu. Alipanda. Alipolala, moyo ukamshinda, hakuweza kunyanyua hata foronya. Huku chini watu wakatazama dirisha, hawaoni kitu, wakafurahi. Wakaambiana Mama Mto amesinzia, nyumba imefaulu. Dakika arobaini dada yangu alilala pale peke yake, na uwanja mzima ukijipongeza, hadi mwenye nyumba alipopanda kumpelekea chai akamkuta midomo imebadilika rangi.

Alipona kiasi, hakupona. Nilifunga cherehani yangu nikahamia namba saba kumuuguza, na tangu siku ile sikutaka kusikia habari za muziki. Niseme wazi: niliona muziki ndio uliomuua dada yangu akiwa bado hai. Nilisema maneno makali kwa watu walio hapa leo. Waya alikuja kuomba radhi, nikamfungia mlango hajamaliza sentensi. Dada hakukubaliana na mimi. Alisema, "Ngazi ndizo zilizoniweza, na kiburi changu. Nilisikia kila wimbo. Na mwishoni walipiga vizuri sana, taratibu, sijapata kuwasikia hivyo." Nikajua ni homa inasema.

Mwezi Mei mwaka huu fomu ikaja. Akaisogeza upande wangu wa meza.

"Tia sahihi."

"Nyumba ni yako, dada."

"Anayelala humu Agosti ndiye anayetia. Mimi Agosti sipo."

"Acha uchuro."

"Uchuro gani? Mimi ni muuguzi."

Niliiweka juu ya friji, chini ya redio. Aliniuliza mara mbili tu, na kwa mtu kama yeye mara mbili ni ustaarabu mkubwa. Mara ya pili ilikuwa Jumapili, tarehe 30 Juni. "Ile karatasi?" Nikamwambia nitaiangalia. "Nyumba ngapi bado?" Nikamwambia ni sisi tu. Akavuta shuka akageukia ukuta. Afadhali angenigombeza. Jumanne, tarehe 2 Julai 2024, saa nne na robo asubuhi, alifariki hospitalini, ghorofa moja chini ya wodi yake ya zamani, binti yake amemshika mkono wa kushoto na mimi wa kulia. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alikufa hajapata jibu langu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nitamlea uzeeni.

Jumatano Waya alikuja nyumbani na nyaya zake, kufunga kipaza sauti hiki ninachosemea sasa. Safari hii sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Akasimama jikoni akasema, "Mzee, mimi ndiye niliyesema mama kalala. Nikamwambia mpiga ngoma aweke vijiti chini, apige kwa vidole. Bendi nzima tulipiga kwa kunong'ona dakika zile zote. Tuliona mwaka huu mama kachoka, tumpe usingizi."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ulifunga mlango kabla sijafika hapo, mzee."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikalia kama mtoto, mbele ya fundi na nyaya zake. Mwaka mzima nilidhani dada yangu alilala pale katika kelele, hakuna anayemjali. Kumbe watu kumi na wawili walikuwa wakipiga kwa vidole ili asiamke. Walikosea, ndiyo. Lakini walikosea kwa kumpenda, na yeye alisikia, akaniambia, nikaita homa.

Marehemu ameacha watoto wawili, binti mpima ardhi na kijana mwoka mikate, wajukuu watano, ambao mmoja ana masikio yake na ulimi wake, poleni wazazi, mkwe mmoja wa kiume na mmoja wa kike, shemeji watatu, wauguzi aliowafundisha, hawahesabiki, watoto wa wodi ile, nao hawahesabiki, majirani wa nyumba kumi, ambao vitanda vyao aliwahi kuvilalia vyote bila aibu, na mdogo wake mmoja, msomaji wa wasifu huu, ambaye juzi Alhamisi, kabla ya kupeleka karatasi hizi kuchapwa, alitia sahihi fomu ya nyumba namba saba. Amechelewa siku mbili, na anaomba msamaha wake hapa mbele yenu wote. Waya, pita mbele uichukue, iko mfukoni mwangu. Tarehe tisa Agosti mpige.

Mungu ampe dada yetu utulivu ule aliouhangaikia maisha yake yote kwa ajili ya watu wengine.